Mtoto aliyezibuliwa njia ya mkojo asisahauliwe kwa sababu hana kovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie upasuaji wa kisasa wa kuzibua njia ya mkojo kwa watoto. Kila zinapoandikwa habari za upasuaji wa matundu madogo, msisitizo huwekwa kwenye kamera, mashine na roboti, na kwenye furaha ya mzazi aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na mtoto wake baada ya siku moja au mbili. Furaha hiyo ni halali, nami kama muuguzi wa wodi ya upasuaji wa watoto nimeishiriki mara nyingi. Hata hivyo, habari hizo hukomea pale mtoto anapovuka mlango wa hospitali, ilhali kwa ugonjwa huu, hasa kwa mtoto wa kiume aliyezaliwa na vali ndani ya mrija wa mkojo, sehemu ndefu zaidi ya matibabu ndiyo kwanza inaanza siku hiyo.

Mkojo hutengenezwa na figo, hushuka kwa mirija miwili myembamba iitwayo ureta, hukusanyika kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa mrija wa mkojo. Kizuizi kinaweza kutokea popote katika njia hiyo, na mahali kilipo ndipo panapoamua ukubwa wa hatari. Kikiwa pale figo inapoungana na ureta, ambapo ndipo kinapopatikana mara nyingi zaidi, kwa kawaida figo moja ndiyo huumia na ya pili huendelea kumlinda mtoto kwa miaka mingi. Kikiwa chini ya kibofu, hakuna kilicho salama: kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu hadi misuli yake ikakakamaa na kunenepa, mkojo hurudi nyuma kama maji ya mfereji uliozibwa kwa chini, na figo zote mbili hujaa maji kabla hata mtoto hajazaliwa.

Vali ninazozitaja ni tando nyembamba zinazojitokeza ndani ya mrija wa mkojo, chini kidogo ya kibofu, wakati mtoto anapoumbwa. Huwapata wavulana tu, takribani mmoja katika kila wavulana 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa, na hazitokani na chochote ambacho mama alikula, alikunywa au alifanya akiwa mjamzito. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimewaona akina mama wakibebeshwa lawama na jamaa zao kwa jambo ambalo hakuna binadamu aliyelisababisha. Katika nusu ya pili ya ujauzito, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto hutokana na mkojo wake mwenyewe, na maji hayo ndiyo yanayoyasaidia mapafu yake kukua, hivyo vali kali huweza kumwacha mtoto na figo dhaifu pamoja na mapafu yasiyokomaa. Mwaka 1981, daktari mpasuaji Michael Harrison na wenzake mjini San Francisco, Marekani, walipofanya upasuaji wa kwanza wa wazi kwa mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake, ugonjwa waliokuwa wakipambana nao ulikuwa huu wa kuziba kwa njia ya mkojo. Siku hizi vituo vichache vyenye ujuzi huo huweka mrija mdogo wa kutoa mkojo kutoka kwenye kibofu cha mtoto aliye tumboni hadi kwenye maji yanayomzunguka. Mrija huo huweza kumsaidia mtoto azaliwe hai, lakini figo iliyokwisha kuharibika hauirudishii uzima wake.

Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, kuondoa vali hakuhitaji kukata ngozi hata kidogo. Daktari hupitisha darubini yenye kipenyo cha takribani milimita 3 kupitia tundu lile lile la mkojo, akaziona tando kwa macho yake, akazikata kwa kiwembe kidogo, kwa umeme au kwa leza, na kazi yenyewe huweza kumalizika kwa dakika chache tu mtoto akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Ujuzi huu umejengwa kwa muda mrefu. Mwaka 1877 Mjerumani Maximilian Nitze alionyesha chombo chenye mwanga cha kutazamia ndani ya kibofu. Mwaka 1919 daktari Hugh Hampton Young wa Baltimore, Marekani, na wenzake walizieleza vali hizi kwa kina na kuzigawa katika aina tatu. Na mwaka 1959 mwanafizikia wa Uingereza, Harold Hopkins, alibuni mfumo wa lenzi za fimbo za kioo uliowezesha darubini nyembamba kutoa picha angavu. Bila lenzi za Hopkins, kuingia katika mrija wa mtoto wa siku tano na kuona kinachokatwa kungekuwa ni kupapasa gizani.

Kabla mtoto hajapelekwa chumba cha upasuaji, kuna kazi ambayo haipigwi picha, nayo ndiyo inayookoa maisha. Mtoto mchanga mwenye vali mara nyingi hufika akiwa mgonjwa kwa ujumla: kibofu kimevimba, damu ina asidi nyingi na potasiamu nyingi, chumvi ya damu ambayo ikizidi huhatarisha moyo, pengine maambukizi yamekwisha kuingia kwenye damu. Jambo la kwanza ni kumwekea mpira wa mkojo, tena mwembamba usio na puto kila inapowezekana, kwa kuwa puto la mpira wa kawaida huweza kukichokoza kibofu kilichokakamaa kikabana midomo ya ureta na kuzuia mkojo upya. Mpira ukishapita, mkojo uliozuiliwa huweza kumwagika kwa wingi kiasi cha kumkausha mtoto mwili, hivyo muuguzi hupima kila kinachoingia na kila kinachotoka, akipima hata uzito wa nepi, gramu moja ikihesabiwa kuwa mililita moja ya mkojo, na kurudishia maji na chumvi saa baada ya saa, usiku na mchana. Daktari mpasuaji mwenye busara husubiri hadi damu itulie. Mzazi anayeona siku zinapita bila upasuaji na kudhani kwamba mtoto wake ametelekezwa anapaswa kuelezwa kwamba njia imekwisha kufunguliwa tangu siku mpira ulipoingia, na kwamba kukata vali kunaweza kungoja ilhali potasiamu haiwezi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna tunavyopanga vipaumbele. Hospitali inayotaka kuonekana ya kisasa huvutiwa na mashine kubwa, hasa roboti, na gazeti nalo huvutiwa na picha ya mashine hiyo. Lakini darubini ya watoto wachanga pamoja na vifaa vyake vya kukatia ni vitu vidogo vinavyoingia katika trei moja, na ndivyo vinavyogusa ugonjwa unaoua figo zote mbili. Kuna hospitali zenye darubini za watu wazima tu, ambazo haziwezi kupita katika mrija wa mtoto mchanga bila kuuchana, na mrija uliochanwa huponya kwa kovu linaloleta mbano mpya, ambao wakati mwingine ni mgumu kutibu kuliko vali zenyewe. Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama na wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji. Kwa mizani hiyo, naamini kila hospitali ya rufaa inayowapasua watoto inapaswa kuwa na darubini ya kipenyo cha watoto wachanga, mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto wachanga, na maabara inayotoa majibu ya chumvi za damu usiku wa manane, kabla haijafikiria kununua mkono wa roboti.

Pale ambapo darubini hiyo haipo, au mtoto amezaliwa njiti na mrija wake ni mwembamba mno, bado kuna njia ya heshima ya kumwokoa. Daktari hufungua kitundu kidogo chini ya kitovu na kukishonea kibofu kwenye ngozi, mkojo ukatoka moja kwa moja kwenye nepi hadi mtoto akue na vali ziweze kukatwa kwa usalama. Wazazi wengi huogopa kitundu hicho na kukiona kama dalili ya kushindwa, na hata baadhi yetu wahudumu hukizungumzia kwa sauti ya kuomba radhi, jambo ambalo si haki. Kitundu kinachoziacha figo zipumue ni tiba kamili kwa wakati wake, na hufungwa baadaye.

Nije sasa kwenye kizuizi cha juu, pale figo inapoungana na ureta, kwa sababu ndicho ambacho upasuaji wa matundu madogo umekibadilisha zaidi. Huonekana kwa takribani mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 hadi 1,500, wavulana kuliko wasichana, na figo ya kushoto kuliko ya kulia. Kwa wengi sababu ni kipande cha ureta kilichoumbwa vibaya kisichosukuma mkojo ipasavyo. Kwa wengine, hasa watoto wakubwa, ni mshipa wa damu unaokatiza mbele ya ureta na kuikunja. Tiba iliyozoeleka ilielezwa mwaka 1949 na Anderson na Hynes wa Uingereza: kipande kibovu hukatwa na kuondolewa, ureta hupanuliwa mdomo, kisha huunganishwa upya na figo. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kupasua ubavu. Mwaka 1993 zikachapishwa taarifa za kwanza za kuifanya kwa matundu kwa watu wazima, na mwaka 1995 ikafuata ya mtoto.

Inafaa msomaji aelewe kinachofanyika ndani. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo dogo, kwa watoto wadogo takribani milimita 8 hadi 10 za zebaki, ili kupatikane nafasi ya kufanyia kazi. Kamera huingizwa kwa tundu moja, na vyombo vyenye kipenyo cha milimita 3 au 5 huingizwa kwa matundu mengine mawili au matatu. Daktari hukata na kushona huku akitazama kioo, kwa uzi unaokaribia wembamba wa unywele, mshono kwa mshono, katika nafasi ambayo kwa mtoto mdogo haizidi sana ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Roboti hurahisisha ushonaji huo kwa sababu vifundo vyake vinageuka kama kiganja, ingawa vyombo vyake vingi vilibuniwa kwa miili ya watu wazima na huwa vikubwa kwa mtoto mchanga. Ndani ya mwili, upasuaji wenyewe ni ule ule wa Anderson na Hynes. Ngozi imekatwa kidogo, misuli haikupasuliwa, maumivu ni machache, dawa kali za maumivu hupungua, na mtoto mkubwa hurudi kwenye michezo mapema. Mafanikio ya njia zote, ya wazi na ya matundu, yakiwa mikononi mwa wenye uzoefu, huzidi asilimia 90.

Kwa sababu hiyo nawasihi wazazi wasiahirishe upasuaji wa mtoto wao kwa kungojea mashine ambayo haipo karibu nao. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, daktari mzoefu huweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa mkato wa sentimita mbili au tatu ubavuni, na mtoto akarudi nyumbani karibu sawa na yule wa matundu. Faida ya matundu huonekana wazi zaidi kwa mtoto mkubwa na kijana, ambaye mkato wa ubavuni kwake ni mrefu na unaumiza. Upasuaji wa matundu huchukua saa nyingi zaidi, hasa mikononi mwa anayejifunza, na ujuzi wake hauji kwa kununuliwa vifaa, huja kwa mazoezi ya muda mrefu ya kushona ndani ya sanduku la kujifunzia na kwa kusimamiwa na aliyetangulia. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu na bila woga, ni upasuaji gani ameufanya mara nyingi na amepata matokeo gani. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la mashine.

Vilevile si kila figo iliyojaa maji inahitaji kisu. Kipimo cha ultrasaundi kwa wajawazito sasa hugundua uvimbe wa figo kwa takribani mimba moja au mbili katika kila 100, na wengi wa watoto hao hupona wenyewe katika miaka ya mwanzo. Mtoto asiye na dalili ya kuziba chini ya kibofu hurudiwa kipimo baada ya kuzaliwa, lakini si katika saa 48 za mwanzo, kwa kuwa mtoto mchanga huwa na maji machache mwilini siku hizo na figo yenye tatizo huweza kuonekana nzima. Akishukiwa kuwa na vali, hasubiriwi hata siku moja: hupimwa mara moja na kuwekewa mpira, kisha hupigwa picha ya eksirei huku kibofu kikijazwa dawa inayoonekana, ili mrija utazamwe mtoto anapokojoa. Kwa kizuizi cha juu, kipimo cha figo cha nyuklia huonyesha ni sehemu gani ya kazi inafanywa na kila figo, na upasuaji huzingatiwa figo iliyoziba inapofanya chini ya asilimia 40 ya kazi yote, inapozidi kushuka kati ya kipimo na kipimo, uvimbe unapoongezeka, au mtoto anapopata homa za mkojo, maumivu au mawe. Kungoja kwa namna hiyo ni matibabu, mradi vipimo virudiwe kwa tarehe zilizopangwa. Kungoja bila vipimo ni kumwacha mtoto apoteze figo kimyakimya, kwa maana figo inayokufa taratibu hailii.

Kuna jambo moja dogo linalonitia hofu kuliko mengi. Baada ya kuunganisha ureta, mara nyingi daktari huacha ndani mrija laini uitwao stenti, wenye ncha zilizojikunja, moja kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, ili mkojo upite huku mshono ukipona. Hukaa takribani wiki nne hadi sita, kisha huondolewa kwa darubini mtoto akilazwa tena kwa muda mfupi. Mtoto huyo hana kovu la maana, anacheza, anakula, na mzazi haoni sababu ya kurudi, hasa ikiwa safari ni ndefu na nauli ni ya kukopa. Stenti iliyosahaulika hujengeka mawe, huziba, huleta maambukizi, na kuitoa baadaye huweza kudai upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kila hospitali inayoweka stenti inawajibika kuwa na daftari la stenti, lenye tarehe ya kuitoa na namba ya simu ya mzazi, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kupiga simu hiyo.

Kilichonifanya niandike barua hii, hata hivyo, ni hatima ya wavulana waliokatwa vali. Vali zikishaondolewa, kizuizi kimekwisha, lakini kibofu kilichopigana na ukuta kwa miezi yote ya ujauzito hakigeuki kuwa kibofu cha kawaida kwa siku moja. Kwa baadhi hubaki kigumu na kidogo, kikijikaza ovyo. Kwa wengine, miaka inavyosonga, huchoka na kuacha mkojo ndani. Figo zilizoumia nazo hushindwa kukusanya mkojo ukawa mzito, hivyo mtoto hutoa mkojo mwingi mwepesi usiku na mchana, na mkojo huo mwingi hukijaza kibofu kibovu na kurudisha shinikizo lile lile lililoondolewa na darubini. Mtoto wa shule anayejikojolea akiwa na miaka saba baada ya kuwa na vali si mvivu wala mkaidi, na kumchapa au kumnyima maji ni kumwongezea madhara. Anahitaji maji ya kutosha, ruhusa ya kwenda chooni kila baada ya saa mbili au tatu, na daktari anayekijua kibofu chake. Walimu wakuu wanaosoma gazeti hili wanaweza kumfanyia mtoto kama huyo jambo kubwa kwa kumwachia tu mlango wa darasa wazi.

Dawa za kulegeza kibofu zipo, na kwa mtoto anayebakiza mkojo ipo njia ya kupitisha mpira safi mara kadhaa kwa siku na kuutoa, njia ambayo Jack Lapides na wenzake wa Marekani waliieleza mwaka 1972 na ambayo imeokoa figo nyingi kuliko vifaa vingi vya gharama kubwa. Mama, baba, na baadaye mtoto mwenyewe, hufundishwa na muuguzi kuifanya nyumbani kwa mikono iliyonawa vizuri. Darubini nayo hurudiwa baada ya miezi michache ili kuhakikisha kwamba hakuna kipande cha vali kilichobaki. Kisha hufuata kupima kreatinini (taka ya damu ambayo hupanda figo zinaposhindwa kuiondoa), shinikizo la damu, protini katika mkojo, urefu na uzito, na ultrasaundi, mwaka hadi mwaka. Kreatinini ikishuka chini ya miligramu 0.8 kwa desilita moja ya damu katika mwaka wa kwanza, matumaini huwa makubwa. Ikibaki juu, familia inapaswa kuelezwa ukweli mapema na kwa upole. Katika wavulana waliozaliwa na vali, kufikia theluthi moja huishia kwenye ugonjwa mkubwa wa figo unaohitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na wengi wao hufikia hapo wakati wa kubalehe, mwili unapokua haraka na figo zilizobaki kushindwa kuendana nao.

Tazama basi, Ndugu Mhariri, namna upasuaji mzuri unavyoweza kuleta usahaulifu. Mtoto aliyepasuliwa tumbo ana alama inayomkumbusha mama, bibi na daktari mpya kwamba hapa palikuwa na ugonjwa. Mvulana aliyekatwa vali kwa darubini akiwa na wiki moja hana alama yoyote mwilini. Familia ikihama, karatasi zikipotea, mama akifariki au wazazi wakitengana, mtoto hukua bila kujua kwamba aliwahi kutibiwa, na anapofika hospitali akiwa kijana wa miaka kumi na minne, akiwa amevimba uso na damu yake ikiwa imejaa taka, tunaanza kumuuliza maswali ambayo hana majibu yake. Nimewauguza vijana wa namna hiyo. Haikuwa lazima figo zote zipotee, kwa kuwa kudhibiti shinikizo la damu, kutibu maambukizi mapema na kukitunza kibofu kungeweza kuzirefushia maisha kwa miaka, na hata kumwandaa kijana na familia yake kwa upandikizaji kabla hajazidiwa.

Wazazi wa watoto ambao hawajagunduliwa wanahitaji kujua mambo machache ya kutazama. Mtoto wa kiume mwenye afya hutoa mkojo kwa mkondo unaoruka. Akidondosha tone kwa tone, akikamua tumbo na kulia anapokojoa, au akiwa na kitu kigumu cha mviringo chini ya kitovu kisichotoweka baada ya kukojoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga mwenye homa isiyo na sababu inayoonekana apimwe mkojo, asipewe dawa za homa tu na kurudishwa nyumbani. Mtoto mkubwa anayepatwa na maumivu makali ya ubavu au tumbo yanayokuja na kuondoka, pamoja na kutapika, huku akitibiwa vidonda vya tumbo au minyoo mara kwa mara bila nafuu, afanyiwe ultrasaundi ya figo, tena ikiwezekana wakati maumivu yapo, kwa kuwa maumivu yakipita figo huweza kuonekana karibu sawa. Na mjamzito aliyeambiwa kwenye kipimo kwamba figo za mtoto zina maji asikae na taarifa hiyo moyoni. Aombe iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ili mkunga atakayempokea mtoto aione.

Kwako Mhariri na waandishi wako, ombi langu ni kwamba mnapoandika habari ya mtoto aliyezibuliwa njia ya mkojo kwa ujuzi wa kisasa, mumuulize daktari swali moja zaidi: mtoto huyu atarudi lini, na nani atamfuatilia akiwa na miaka kumi? Kwa hospitali, naomba kila mzazi apewe siku ya kuruhusiwa barua fupi iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, yenye jina la ugonjwa, tarehe na aina ya upasuaji, kama stenti imeachwa au la, kiwango cha mwisho cha kreatinini na tarehe ya kurudi, na nakala yake ibandikwe ndani ya kadi ya ukuaji ya mtoto. Kijana anapofikisha umri wa kuhamia kliniki ya watu wazima, asihamishwe kwa maneno ya mdomo. Daktari wa watoto na daktari wa watu wazima wamwone pamoja angalau mara moja, mbele ya mzazi wake, na barua ile ikabidhiwe mikononi mwa kijana mwenyewe.

Wako mtiifu,
Muuguzi, wodi ya upasuaji wa watoto
(Jina na anwani vimehifadhiwa)